Mizizi Inayobaki

Maharage hayavunwi kama mahindi. Mahindi huvunjwa juu, bua likabaki limesimama shambani mpaka ng'ombe au moto wa kiangazi ulimalize. Maharage hung'olewa mazima, majani kwa mizizi, yakafungwa matita, yakabebwa kichwani hadi uani, yakaanikwa na kupigwa fimbo mpaka maganda yapasuke. Mbegu huingia gunia, makapi hubaki uani, na mizizi hukaukia humo humo ndani ya makapi. Ndivyo nilivyoikuta kazi hii katika milima ya Mbinga, nikaishiriki tangu utotoni bila kuihoji. Shamba lililong'olewa likabaki jeupe lilikuwa sifa ya nyumba. Mpita njia alilitazama akasema, hapa wanaishi watu.

Swali lilinijia ukubwani, nalo halikuanza kwa hekima yoyote. Ilikuwa wakati wa palizi, mwezi wa Aprili, jembe langu likakata shina la haragwe lililokuwa linatoa maua, nikaliinua ili nilitupe. Mizizi yake ilikuwa imejaa vinundu vidogo, vingine kama punje za ulezi, vingine vikubwa kidogo. Vinundu vya namna hiyo nilikuwa nimeviona kwenye bustani za nyanya kule bondeni, na nilikuwa nimefundishwa kuviogopa. Nikamwita shangazi, mwenye shamba, nikamwambia maharage yameingiwa na minyoo fundo. Akaja, akaushika ule mzizi, akaugeuza polepole.

"Mbona hivi vipo siku zote, mwanangu," akasema. "Mwaka vikiwa vingi, maharage huwa mazuri."

Sikumwamini. Mimi nilikuwa na jina la ugonjwa mdomoni, yeye alikuwa na mazoea tu, na siku hizo nilidhani jina hushinda mazoea.

Ilinichukua muda kujua kwamba kila mmoja wetu alikuwa anasema kweli, ila kuhusu mzizi tofauti. Vinundu vya maharage ni makazi ya bakteria wanaoitwa rizobia. Hao huingia kwenye mzizi mchanga, mmea ukawajengea chumba na kuwapa sukari, nao wakachukua nitrojeni ya hewani, ambayo mmea peke yake hauwezi kuitumia, wakaigeuza kuwa chakula chake. Ukikipasua kinundu kinachofanya kazi utakuta ndani ni chekundu cha waridi, kwa sababu ya protini yenye madini ya chuma iliyo ndugu wa ile inayotia wekundu damu yetu. Vivimbe vya minyoo fundo ni jambo lingine kabisa. Mnyoo mchanga, asiyefika nusu milimita, hupenya karibu na ncha ya mzizi na kuzifanya chembe za mmea zivimbe ili zimlishe. Jike hukaa palepale maisha yake yote, akanenepa, akataga mayai kwa mamia.

Kuvitofautisha hakuhitaji hadubini. Kinundu cha rizobia kimeshikizwa ubavuni mwa mzizi. Ukikisukuma kwa ukucha kinabanduka, mzizi ukabaki mzima. Kivimbe cha minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Ukitaka kukitoa lazima uukate mzizi. Kazi ya ukucha mmoja. Nilikuwa nimeishi na maharage miaka yote hiyo, na ukucha huo nilikuwa nao, sikuwahi kuutumia.

Nilipata faraja kidogo niliposoma kwamba kosa langu lina ukoo mrefu. Marcello Malpighi, tabibu wa Italia aliyechora viumbe kwa makini ya ajabu, aliviweka vinundu vya mizizi ya maharage katika michoro yake ya mwaka 1679, akavihesabu pamoja na vivimbe vinavyosababishwa na wadudu. Ilipita miaka zaidi ya 200 kabla ya Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, kueleza mwaka 1886 kwamba humo ndimo jamii ya maharage inamopatia nitrojeni ya hewani. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe. Lakini faraja hiyo ina kasoro. Malpighi hakuwa na shangazi wa kumwambia kwamba mwaka vikiwa vingi maharage huwa mazuri. Mimi nilikuwa naye, amesimama mbele yangu.

Baada ya hapo akili yangu ilihamia kwenye kitu nilichokuwa sijakifikiria kabisa: mzizi unafanya nini ukishakufa? Nilikuwa nachukulia kwamba mmea ukivunwa habari yake imekwisha, na msimu ujao shamba linaanza upya. Sasa sioni kama shamba huwahi kuanza upya. Hata mmea ukiwa hai, mizizi yake myembamba hufa na kuota mingine. Vinundu navyo havidumu. Maganda yakianza kujaa, mmea hupunguza kuvilisha, wekundu wa ndani hugeuka kijani au kahawia, kinundu kikalainika na kupasuka, rizobia wakarudi udongoni kumsubiri haragwe mwingine. Mzizi wenyewe ukifa, bakteria wengine huukimbilia kwa sukari na vitu laini. Kuvu huja na kazi ngumu zaidi, ya kumeng'enya sehemu za mti mti. Halafu huja wanaowala bakteria, na hapo nilikutana na jambo lililonitikisa: miongoni mwao wamo minyoo, ndugu wa mbali wa wale ninaowaogopa. Wanakula bakteria, wanatoa nitrojeni iliyowazidi, nayo mizizi hai ya jirani inaichukua. Neno minyoo kwangu lilikuwa hukumu tayari, kumbe aina nyingi za jamii hiyo hazina ugomvi wowote na mmea.

Na mzizi uliooza huacha tundu. Maji ya mvua hupitia humo, hewa hupitia humo, na mzizi mchanga wa mahindi, ambao ungehangaika kusukuma udongo mgumu, hufuata njia aliyotangulia mwingine. Tena kaboni iliyotoka kwenye mizizi kwa kawaida hukaa udongoni muda mrefu kuliko ile ya majani yaliyoanguka juu. Niliposoma hayo yote, nikawa mtu wa mizizi. Sijui niseme vipi bila kujicheka. Nikaanza kuhubiri. Nikamwambia shangazi tuache kung'oa maharage, tuyakate kwa mundu. Nikawaambia majirani waache visiki vya mahindi vioze shambani. Kila kitu kibaki. Nilikuwa nimetoka upande mmoja wa ujinga wangu, nikahamia upande wa pili bila kupumzika katikati.

Mahindi ndiyo yaliyonipunguza kasi. Katika kipande changu cha tambarare nilifukia mabua na mizizi ya mahindi ya mwaka uliopita siku chache tu kabla ya kupanda. Miche ikaota vizuri, kisha ikawa ya manjano, ikasimama kama iliyosahau kukua. Nililaumu mbegu, nikalaumu mvua. Sababu ilikuwa chini. Bua na mzizi wa mahindi vina kaboni nyingi sana ukilinganisha na nitrojeni, takribani sehemu 60 kwa moja. Viumbe vinavyoviozesha vinahitaji mlo wenye kama 24 kwa moja. Pengo hilo vinalijaza kwa kuchota nitrojeni iliyomo udongoni, ile ile ambayo mche unaitafuta. Ni mkopo. Udongo hulipwa baadaye viumbe hao wanapokufa, lakini mche hauna uwezo wa kungoja. Mabaki ya maharage hayakopi kiasi hicho, kwa kuwa yana nitrojeni ya kutosha kujiozesha. Kwa hiyo mzizi ulioachwa unaweza kuwa chakula mwezi wa tano na njaa mwezi wa kwanza, na mzizi ni ule ule.

Nyanya zilinipunguza tena. Mizizi ya nyanya yenye vivimbe ikiachwa ioze bustanini, kinachooza ni nyama ya mzizi. Mayai yaliyomo ndani ya utando wake hubaki udongoni, yakaanguliwa, na mmea unaofuata ukiwa wa kundi ambalo minyoo wanalipenda, wanaingia. Nyanya juu ya nyanya, au bamia juu ya nyanya, ni kuwaandalia mlo. Huko bondeni kung'oa mizizi na kuichoma ni busara, na wazee waliokuwa wakifanya hivyo nilikuwa nimewacheka kwa elimu yangu mpya. Nilirudi kukumbuka marejea, mmea wenye maua ya manjano ambao watawa Wabenediktini wa Peramiho, hasa padri Gerold Rupper, waliwahimiza wakulima wa Ruvuma kuupanda ili kurutubisha udongo. Mimea ya jamii hiyo ina vinundu vya rizobia kama maharage, na aina zake kadhaa hazimpi mnyoo fundo nafasi ya kuzaliana vizuri. Nilikuwa nimeuona utotoni nikadhani ni gugu lililopandwa kwa makosa.

Katika kuzungukazunguka huko ndipo nilipoliangalia upya shamba la shangazi lenyewe, maana ni ngoro. Wamatengo wamelima ngoro kwenye miteremko hii kwa zaidi ya miaka 100. Majani hufyekwa na kulazwa chini kwa mistari inayokatizana, kama fremu za madirisha; kisha udongo wa katikati ya kila fremu huchimbwa na kutupwa juu ya yale majani. Zinabaki kingo zilizofunika majani, na mashimo yenye upana wa mita moja na nusu hivi, mlima mzima. Mvua kubwa hutua mashimoni badala ya kuteremka na udongo. Kwa desturi wanaume hufyeka na kulaza majani, wanawake huchimba na kufukia. Hayo niliyajua. Nilichokuwa sijakitazama ni mpangilio wa mazao. Ngoro mpya ikichimbwa mwezi wa tatu, juu ya kingo hupandwa maharage. Mahindi huja baadaye, mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza.

Nikakaa na jambo hilo. Majani yaliyofukiwa, pamoja na mizizi yake, yanaanza kukopa nitrojeni mara moja. Anayepandwa wakati huo wa ukata ni haragwe, mmea wenye namna ya kujitafutia nitrojeni yake hewani. Mahindi, yasiyo na uwezo huo, yanaletwa miezi mingi baadaye, majani yakiwa yameoza na mkopo umeanza kulipwa. Siwezi kusema kama waliobuni ngoro walilifikiria hivi. Huenda waliona tu kwamba mahindi yakitangulia yanadhoofu, wakabadili, wakaendelea na maisha. Lakini mimi niliyeidumaza miche yangu kwa haraka nilikuwa nimekulia ndani ya jibu, nikilikanyaga kila siku kwenda kuchota maji.

Hapo ningeweza kuishia, na kusema kwamba wazee walijua yote. Sioni kama ni kweli. Shangazi mwenyewe alikuwa akichoma mabua ya kipande cha tambarare akiamini majivu yanatosha, na majivu hayarudishi nitrojeni iliyokwenda na moshi. Nilipomwonyesha kivimbe cha minyoo fundo kwenye mzizi wa nyanya alidhani ni kinundu kile kile anachokipenda kwenye maharage. Yaani kosa langu, ila kinyume chake. Tuliketi kwenye kingo za bustani, kila mmoja na mzizi wake mkononi, tukafundishana kutumia ukucha. Alikuwa mwepesi kuliko mimi.

Kisha palizi iliyofuata tukang'oa haragwe moja kwenye ngoro za chini, zile zinazopakana na bustani, na mzizi wake ulikuwa na vyote viwili. Vinundu vya waridi vinavyobanduka, na vivimbe visivyobanduka, sentimita chache kati ya kimoja na kingine. Maharage ni miongoni mwa mimea ambayo minyoo fundo huipenda. Nilikuwa nimelisoma hilo nikalipita. Shangazi akanitazama, akangoja niseme. Sikuwa na la kusema. Mzizi ule ukiuacha unaacha rizobia na unaacha mayai. Ukiung'oa unavihamisha vyote viwili.

Nimeubeba mzizi ule kichwani mwangu zaidi kuliko nilivyotarajia, na mara nyingi unanipeleka kwa marehemu baba. Alikuwa karani wa kupima kahawa kwenye chama cha ushirika, mtu wa daftari. Kilichoandikwa kwake kilikuwa kimesimama. Kilichosemwa tu kilikuwa upepo. Kutoka kwake nimepata kupenda kusoma, na bila hilo nisingejua lolote kuhusu rizobia wala mnyoo fundo. Kutoka kwake pia nimepata ule ugumu wa kumsikiliza mtu asiye na daftari, ugumu ulionifanya nimsimamie shangazi shambani kwake mwenyewe na kumwambia maharage yake yana ugonjwa. Nilipokuwa kijana nilitaka kumng'oa baba wote ndani yangu. Alipofariki nikageuka, nikamtunza wote, hata ukali wake nikauita msimamo. Sasa nadhani ni mzizi mmoja wenye vitu viwili, na sijui ukucha wa kuvitenganisha unapatikana wapi. Pengine kwa watu mambo hayabanduki kwa usafi kama kwenye mharage. Pengine kupenda maandishi na kutosikiliza ni kitu kimoja kilichovimba, na ukitaka kutoa kimoja lazima ukate. Hilo sijaliamua, na kuna siku naliona hivi na siku naliona vile.

Ninachoweza kukisema kwa utulivu zaidi ni kuhusu mundu. Pendekezo langu la kukata maharage badala ya kuyang'oa lilijaribiwa kwenye ngoro za juu, zisizo na vivimbe. Shangazi hakubisha, lakini nilipofanya kazi hiyo mwenyewe kwa siku nzima ndipo nilipoelewa uso wake alipokubali. Kung'oa ni mvuto mmoja. Kukata ni kuinama zaidi, kushika, kupeleka mundu chini kabisa, na kila mtikiso unapasua maganda makavu na mbegu zinamwagika. Wazo langu zuri lilikuwa linalipwa na mgongo wa mtu mwingine. Basi mundu ninaushika mimi, na ngoro ninazokata ni zile ninazozimudu. Nyingine zinang'olewa kama zamani.

Na faida yake? Mahindi ya ngoro nilizokata hayajanionyesha tofauti ambayo ningethubutu kuitangaza. Sehemu kubwa ya nitrojeni ya haragwe iko kwenye mbegu, na mbegu tunazila au tunaziuza. Inayobaki mizizini ni kidogo, na maharage si hodari wa kazi hiyo kama kunde au mbaazi. Tundu lililoachwa na mzizi silioni. Labda tofauti ipo, ndogo kuliko macho yangu, au inahitaji miaka mingi kuliko subira yangu. Nilimweleza shangazi hayo, nikiwa nimejiandaa kwa kicheko. Akafikiri kwanza.

"Kama kinachokusumbua ni mizizi kuondoka," akasema, "si ungeuliza inakwenda wapi?"

Makapi ya uani huliwa na mbuzi. Samadi ya mbuzi haipandi mlimani. Hubebwa hatua chache tu, hadi kwenye kahawa na migomba iliyo nyuma ya nyumba. Miaka yote hiyo ngoro zimekuwa zikilisha kahawa, na kahawa ndiyo iliyonilipia ada ya shule nilikojifunza kusoma vitabu vilivyoniambia mizizi isiondoke. Nimeanza kupandisha mlimani debe moja moja la samadi hiyo ninapokwenda palizi, nikijua kwamba kila debe ninalopandisha kahawa imelikosa. Shangazi anaona kahawa ya upande ule imeanza kupauka. Mimi naona ni jua tu. Tumekubaliana kuichimba kidogo pembeni, tuangalie mizizi yake kwanza.